Dirisha la Maji la Rambaza

Nchi ya Rambaza ililala chini ya mlima wenye chemchemi moja, na chemchemi hiyo ilizungushiwa ukuta mnene na wakubwa waliochimba mabwawa ya kuogea hata mbwa wao, hali watu wa bondeni wakioshea vyombo maji waliyokwisha kunawia. Ukutani palikuwa na dirisha la chuma lisilo na mtu nyuma yake: unatumbukiza karatasi iliyoandikwa maji ni ya nani, magurudumu yanakoroma, bomba linamwaga ndoo moja kwa kila aliyetajwa. Dirisha lilikubali chochote. Huyu aliandika "bibi", yule "mgonjwa wetu", na kila asubuhi karatasi ya ikulu ilikuwa na neno moja tu, "wananchi", bomba likatiririkia mabwawani hadi adhuhuri.

Siku bwawa lake lilipopungua shibiri moja, Mkuu Kizibo, mtawala wa nchi, alimwita Fundi Machano, mdadisi asiyeweza kuona kufuli bila kutaka kujua lina nini ndani.

"Watu wa bondeni wanatuibia," alisema Mkuu. "Weka kichujio. Karatasi isiyo na jina la mtu isipate hata tone."

"Na anayekataliwa aambiwe sababu, Mkuu?"

"Aambiwe. Aone haya mbele ya foleni."

Machano aliifurahia kazi ile kupita kiasi. Siku tatu alijiuliza jina ni kitu gani hasa: cheo je, ni jina? Lakabu je? Kila swali alilitengenezea gurudumu lake, akasahau hata kula. Alisahau pia kwamba mdogo wake, Siwatu, alikuwa amejifungua juzi, na kwamba bondeni mtoto hapewi jina mpaka siku ya saba.

Siwatu ndiye aliyekataliwa wa kwanza. Karatasi yake ilirudi imepigwa chapa: *Mtoto si jina la mtu. Taja ni nani.*

"Kaka, hiki umekitengeneza wewe?"

"Mimi."

"Basi kifundishe kungoja siku saba. Mwanangu ana homa, na ndoo ya jina langu haibakizi hata maji ya kumpangusa."

Machano aliona aibu tupu. Angekilegeza pale pale, lakini ufunguo wa kichujio ulikwisha kuchukuliwa na Mkuu.

Mara ikaletwa karatasi ya ikulu. Magurudumu yalikoroma, yakaitema: *Wananchi si jina la mtu. Taja ni nani.* Ilirudishwa mara tatu, hata Mkuu akaja mwenyewe.

"Kiondoe kwangu tu," aliamuru.

"Hakijui sura ya mtu, Mkuu. Kikiondolewa, kimeondolewa kwa wote. Au andika jina lako, upate ndoo moja, ya mtu mmoja."

Mkuu alishika kalamu. Alitafuta kichwani jina la mwananchi, hata mmoja, asilipate. Mwishowe alimgeukia Siwatu, akashusha sauti.

"Mama, wewe unaitwa nani?"

Siwatu alimpakata mwanawe vizuri, akamtazama.

"Ukishaniandika," alisema, "maji yatakwenda kwa nani?"

Foleni nzima ilisogea karibu ili isikie jibu.