Kona ya Sindano

Chini ya jukwaa la nyuma ya goli kulikuwa na ghala la vifaa, na kila Ijumaa jioni watu wanne walikutana humo kuiokoa timu isishuke daraja. Waliiokoa kwa maneno tu, maana kwa miguu ilikuwa imeshindwa kujiokoa yenyewe tangu msimu uanze.

Mwenyeji wao alikuwa mtunza uwanja. Watu walimwita Bwana Nyasi, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mkewe na kwenye kitambulisho. Alikaa juu ya mashine yake ya kukatia nyasi kama mtu aliyepanda punda. Kinyozi alikaa juu ya mfuko wa chokaa ya kuchorea mistari, na kila Ijumaa alirudi nyumbani na makalio meupe. Mwalimu mstaafu wa hesabu alipewa kiti pekee kilichokuwepo, kwa heshima ya nywele zake. Nesi alisimama mlangoni. Huyo hakukaa kamwe, maana ama alikuwa anaingia zamu ama anatoka.

"Hesabu ni hii," mwalimu alisema. "Sisi tuna pointi thelathini. Walio chini yetu wana ishirini na nane, na Jumapili wanacheza na mkia wa ligi, kwa hiyo hao wahesabu wameshinda. Watafika thelathini na moja. Sisi tukitoa sare tunafika hapo hapo, na kwa mabao tunawazidi. Tumepona. Tukifungwa, buriani."

"Hatufungwi," kinyozi alisema.

"Umesema hivyo wiki tatu mfululizo."

"Na wiki ya nne ndiyo yenyewe. Mwalimu, wewe hesabu zako hazina imani."

"Imani yako ndiyo haina hesabu," Nesi alidakia. "Wanaokuja ni wa pili kwenye ligi. Yule winga wao wa kushoto, Swala, beki wetu anamwona wakati wa kupeana mikono tu. Akishaanza kukimbia, hamwoni tena mpaka mapumziko."

Kinyozi hakubisha, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kushangaza. Alitoa mfukoni vizibo vya soda akavipanga sakafuni, vyekundu vya timu yao, vya bluu vya wageni. Timu yao ilikuwa na desturi ya miaka mingi: nahodha akishinda kura, kipindi cha kwanza wanashambulia goli la mbali, cha pili wanakuja kushambulia goli la upande wa mashabiki, chini ya jukwaa, wapate kusukumwa na kelele.

"Kwa hiyo kipindi cha kwanza," kinyozi alisema akisukuma kizibo cha bluu, "Swala anakuja huku kwetu. Anakimbilia kona. Sasa, wazee wangu, kona hiyo ikiwa ni tope je? Mpira wa maji ukisahaulika pale usiku kucha, nani atajua? Swala ni mbio tu. Mwondolee mbio, unabaki na mtu mwembamba mwenye jezi."

Wote watatu walimtazama Bwana Nyasi.

Wengine walikuwa wanazungumzia timu, na Jumatatu kila mmoja angerudi kwenye kazi yake, ishuke isishuke. Kwake yeye mambo yalikuwa mengine. Wenye uwanja walikuwa wamemwambia wazi: timu ikibaki ligi kuu, uwanja unabaki. Ikishuka, itahamia kiwanja cha shule, na hapa patakuwa maegesho ya malori. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameulea uwanja ule. Alijua mahali nyasi zinapochelewa kuamka baada ya ukame, alijua shimo alilolifukia mwaka aliozaliwa kitinda mimba wake. Na malori hayajui nyasi.

"Mnataka nimvunje mtoto mguu ili asiende vitani," alisema.

"Bora mguu kuliko roho, ndugu yangu," kinyozi alijibu.

"Na kamisaa wa mchezo akikuta dimbwi?" Mwalimu aliinua kidole kama yuko darasani. "Kanuni ziko wazi. Uwanja usiofaa, mwenyeji amepoteza. Pointi tatu kwa wageni, bila jasho."

"Si dimbwi! Unyevu, mwalimu. Unyevu!"

Bwana Nyasi alishuka kwenye mashine yake. "Nitaangalia," alisema.

Sasa, neno hilo kwa Bwana Nyasi lilikuwa na maana ya hapana, ila hapana ya mtu asiyependa ugomvi. Mkewe alilijua vizuri. Alipomwomba atengeneze mlango wa jiko akajibiwa "nitaangalia," siku hiyo hiyo aliita seremala. Lakini kinyozi hakuwa mkewe.

Usiku wa Ijumaa Bwana Nyasi alijigeuza kitandani kama chapati. Hakukasirishwa na lile wazo. Kilichomsumbua ni kwamba lilikuwa limemwingia. Aliiona ile kona, akaona maji yakipanda taratibu kati ya majani, akaona malori hayaji. Mkewe alimuuliza ana nini. Akasema mgongo.

"Mgongo wako una pointi ngapi?" mkewe aliuliza, akageukia ukutani.

Jumamosi alichora mistari na kukata nyasi, akafunga ghala jioni na kwenda zake. Bomba hakuligusa. Aliamua hivyo bila kujipongeza. Aliona tu kwamba mkono wake haukuwa tayari kufanya kazi ile, na mkono ulikizidi kichwa umri wa kazi.

Ufunguo wa akiba wa ghala, hata hivyo, ulikuwa ukining'inia kwenye msumari katika duka la kinyozi, lililopakana na ukuta wa uwanja. Uliwekwa pale kwa ajili ya dharura. Na dharura kubwa kuliko kushuka daraja, kinyozi hakuijua.

Jumapili alfajiri Bwana Nyasi aliingia uwanjani akasikia sauti kabla ya kuona. Ilikuwa sauti ya maji yanayonong'ona. Kwenye kona ya karibu na jukwaa mpira wa maji ulikuwa umelala kama nyoka aliyeshiba, na kibendera kilisimama katikati ya bwawa. Juu jukwaani, mahali pake pa kila mechi, alikaa kinyozi, suruali imelowa mpaka magotini, uso umejaa furaha.

"Nimekusaidia, ndugu yangu!" aliita. "Nilijua wewe ni mtu wa haya. Nikasema acha dhambi ibebwe na mwenye mabega!"

Bwana Nyasi alifunga bomba. Alitazama maji, akatazama jukwaa, kisha akasema, "Shuka. Njoo huku ndani."

Kinyozi alishuka. Alipofika kwenye mstari mweupe alisita. Miaka thelathini alikuwa ameuangalia uwanja ule, na ukiacha ile kona usiku ule, hakuwahi kuukanyaga. Bwana Nyasi alimshika mkono akampeleka mpaka katikati kabisa, akamgeuza uso uelekee jukwaani.

"Wewe ni Swala. Unashambulia kule, kwa mashabiki. Unacheza winga ya kushoto. Kimbia."

"Nikimbie kwa umri huu?"

"Basi onyesha kwa mkono wa kushoto."

Kinyozi aliinua mkono wa kushoto. Mkono ulielekea kona iliyokuwa kavu, safi, imekatwa vizuri, inamsubiri Swala kama zulia la sebuleni. Akautazama mkono wake. Akatazama bwawa, ambalo lilikuwa upande wa kulia. Akageuka kutazama kiti chake jukwaani. Kushoto alikokujua maisha yake yote kulikuwa kushoto kwa mtu aliyekaa pale juu, anayewaona wachezaji wakija kwake uso kwa uso.

"Mungu wangu," alisema polepole.

"Bado. Kipindi cha pili sisi ndio tunashambulia upande huu. Winga wetu wa kulia ni nani?"

Winga wa kulia alikuwa kijana waliyemwita Sindano, na katika mabao machache ya msimu ule, karibu yote yalianzia miguuni kwake. Kona ile ilikuwa ya Sindano.

Kinyozi aliketi chini, pale pale katikati ya uwanja, akashika kichwa. "Nimeishusha timu mimi. Kwa mkono wangu. Nilisusa chakula kwa ajili yake, niliililia, mwisho nimeishusha mimi."

"Inuka, unaniumizia nyasi," Bwana Nyasi alisema. "Kamisaa anakuja saa sita. Kamwite mwalimu. Mwambie alete godoro."

"Godoro?"

"La sponji. Bovu. Magodoro yote mabovu mtakayoyapata."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakuwa na timu inayoshuka daraja. Mwalimu alikuja na godoro alilolikatakata vipande kwa kisu cha jikoni, na hakusema neno moja juu ya kanuni, jambo lililomtesa kinyozi kuliko matusi. Nesi alitoka zamu akapita uwanjani kama kawaida yake siku ya mechi, akasimama, akawatazama wanaume watatu wazima waliopiga magoti wakikamulia magodoro kwenye ndoo.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, dada," kinyozi alisema.

"Nilidhani masikio ya wateja unayakata kwa bahati mbaya. Kumbe ndivyo ulivyo." Alivua viatu vyeupe vya kazi, akavipanga kando ya mstari, akakunja sketi. "Nipe sponji. Si hivyo, unalikamua kama unamkaba mtu. Kandamiza, subiri linywe, ndipo uinue. Hujawahi kusafisha kidonda?"

Walifanya kazi hiyo wakiwa wamepanga mstari, wakirudi nyuma hatua kwa hatua. Bwana Nyasi aliwafuata na uma wa shambani, akichoma matundu ardhini, kila shubiri moja tundu moja, ili maji yaliyobaki yateremke chini. Kisha akanyunyiza mchanga mkavu kwa mkono, kama anayetia chumvi. Kila baada ya muda alikanyaga kwa mguu mtupu, akafumba macho, akasema, "Bado." Jua lilipanda. Hapakuwa na aliyebishana juu ya nafasi za timu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanne hao kukaa pamoja kwa karibu saa tano nzima bila kubishana.

Kamisaa alifika saa sita kasoro, mtu mnene mwenye kalamu mbili mfukoni. Alizunguka uwanja wote. Kwenye kona ile alikanyaga kwa kisigino, akadundisha mpira. Ulidunda, lakini kwa uvivu.

"Hapa pana ulaini," alisema.

Mwalimu alitazama viatu vyake. Bwana Nyasi angeweza kusema ni chemchemi, ni bomba lililopasuka, ni umande. Miaka ishirini na miwili ilimruhusu kusema lolote akaaminiwa.

"Palimwagwa maji usiku," alisema. "Hayakumwagwa na timu, ila aliyeyamwaga ni mtu wetu, na ufunguo niliuacha mimi. Tumeyatoa tangu alfajiri. Ni laini, ila panabeba. Ukiona hapafai, andika. Mimi siwezi kukwambia pamekauka."

Kamisaa alitazama ndoo. Alitazama vipande vya godoro, magoti ya Nesi yenye matope, na suruali ya kinyozi. Alidundisha mpira tena, mara tatu.

"Kama mngetaka kumtega mtu," alisema, "mngemwaga kona ile nyingine." Akaandika uwanja unafaa, akaenda kunywa chai.

Mechi ilikuwa ngumu kama Nesi alivyosema. Swala alipita kwenye kona yake kavu kipindi cha kwanza, akapiga krosi, na mwenzake akaweka mpira wavuni. Moja bila. Kinyozi alijifunika uso kwa skafu ya timu akabaki hivyo mpaka mapumziko, watu wakidhani amelala.

Bwana Nyasi hakuwa jukwaani. Alisimama mahali pake siku zote, mlangoni mwa ghala, na kama kawaida hakufuata mpira. Aliangalia miguu. Kipindi cha pili Sindano alifika kwenye ile kona mara nne. Mara mbili alinyang'anywa, mara moja akateleza kidogo na Bwana Nyasi akashika fremu ya mlango. Mara ya nne zilikuwa zimebaki dakika sita. Sindano aliuvuta mpira karibu na kibendera, akajizungusha, akazamisha mguu wa kushoto ardhini kwa uzito wake wote. Ardhi ikaushika mguu, haikuuachia. Krosi ikaenda, ikagonga goti la beki wa wageni, ikaingia. Halikuwa bao zuri. Mwenye njaa hachagui kijiko. Dakika zilizobaki wachezaji waliondosha mpira popote, hata kwenye paa la duka la kinyozi, na refa akapuliza filimbi.

Moja kwa moja. Pointi thelathini na moja.

Watu walipoanza kutawanyika wakiimba, Bwana Nyasi alikwenda kwenye kona akapiga magoti. Mahali Sindano alipozungukia nyasi zilikuwa zimeng'oka, kipande cha ukubwa wa sinia, mizizi juu. Alikigeuza, akakirudisha mahali pake, akakikandamiza kwa viganja.

Kivuli kilimwangukia. Kinyozi, skafu shingoni, macho mekundu.

"Kitashika?" aliuliza.

"Kikimwagiliwa asubuhi na jioni, miezi miwili hivi. Kidogo kidogo. Kwa kopo, siyo kwa bomba."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa. Alichuchumaa, akaweka viganja vyake kando ya vya mwenzake, akakandamiza pale alipoonyeshwa.

"Ufunguo ninao bado," alisema. "Nikurudishie?"

Bwana Nyasi alifikiri. Ng'ambo ya uwanja Mwalimu na Nesi walikuwa wamekwisha kuanza kubishana juu ya msimu ujao.

"Kaa nao," alisema. "Asubuhi duka lako linafunguliwa mapema kuliko ninavyofika mimi. Kopo liko nyuma ya mlango."