Kanuni ya Saba

TANGAZO KWA WAKAAZI WOTE WA NYUMBA YA MZEE FAKI, MTONGWE. Kuanzia leo, dawa ya saratani ya damu anayotumia mgonjwa itatunzwa kwa mujibu wa kanuni saba zilizoorodheshwa hapa chini. Atakayekiuka kanuni yoyote atachukuliwa hatua kali na Idara ya Usalama wa Dawa.

Idara hiyo ilikuwa na mfanyakazi mmoja, naye alikuwa kidato cha tatu, yuko nyumbani kwa likizo, na hatua kali zenyewe hakuwa amezifikiria bado. Muhuri wa Idara niliuchonga kwa wembe kwenye soli ya champali ya bafuni. Ufundi huo niliupata bwenini, ambako karatasi ya ruhusa ya kutoka langoni ina thamani kuliko nyama ya Jumapili. Sitasema zaidi, kwa kuwa walimu wangu nao husoma.

Ieleweke tu kwamba niliingia katika uhalifu huu kwa nia safi, angalau hadi kanuni ya sita.

Babu yangu, Mzee Faki, ana saratani ya damu, ile inayoanzia ndani ya uboho na kuitafuna mifupa. Tangu mwaka jana anatumia kapsuli zinazoiamsha kinga ya mwili ipigane na ugonjwa. Humeza moja kila siku kwa siku ishirini na moja, hupumzika siku saba, kisha huanza upya. Zimemfaa. Mwaka jana alishuka kitandani kwa kushikwa mikono yote miwili. Mwaka huu, kila baada ya swala ya alasiri, alikuwa akitembea hadi gati ya zamani ya feri na kurudi, akiwasalimu watu na kuwakosoa.

Likizo hii, kliniki nilimsindikiza mimi. Muuguzi wa pale, Sista Nduku, alituketisha wote wawili.

"Dawa hii ni nzuri, lakini ina masharti," alisema. "Mwenye mimba asiiguse, inaweza kumharibu mtoto tumboni. Hata wewe, msichana, usiishike. Mzee aitoe mwenyewe, aimeze nzima kwa maji. Isifunguliwe, isitafunwe, asipewe mtu mwingine hata akiumwa vipi. Zikibaki, mzirudishe hapa."

Kisha akanipa kijitabu cha Kiingereza, nami nikakisoma chote kwenye foleni ya feri kwa sababu simu yangu ilikuwa imezima.

Nyumbani hakuna aliyetaka kunisikiliza. Kesho yake nilimkuta Anti Jumwa, mke wa ami yangu, mwenye mimba ya miezi mitano baada ya miaka sita ya kungoja, ameshika kapsuli juu ya bakuli la uji, kucha tayari kuipasua.

"Anti, iweke chini."

"Baba asema yamkwama kooni. Namchanganyia kwenye uji."

"Ni hatari kwa mtoto wako. Iweke, ukaoshe mikono kwa sabuni."

Akaiweka na akaosha mikono, lakini kwa kicheko. Bibi yangu, Bi Mwanatabu, alikuwa mlangoni akichambua mchele.

"Miezi mitatu shuleni, karudi daktari," alisema. "Na mbili nimemwekea Chengo. Mgongo wamuuma, maskini."

"Bibi, dawa hii haigawiwi."

"Jirani akija kuomba chumvi, wampa. Leo akija na mgongo, umnyime?"

Nilimgeukia Babu. Babu alikuwa karani wa bandarini miaka thelathini na miwili. Kwake neno la mdomo ni upepo, na karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia bajia. Alinitazama kama mtu anayetazama bajia.

Nikaenda bafuni kutafuta champali.

Bahasha "ililetwa" siku ya pili. Babu alivaa miwani, akauinua muhuri kwenye mwanga, akaridhika. Akasoma kwa sauti, na nyumba nzima ikasimama wima kana kwamba unaimbwa wimbo wa taifa. Kanuni ya kwanza hadi ya sita zilikuwa maneno ya Sista Nduku, sikuongeza nukta. Zilifanya kazi siku hiyo hiyo. Babu alizitoa kapsuli za Chengo kwenye kikombe alimozificha Bibi, akazirudisha ndani ya kasha lake mwenyewe. Anti Jumwa alihamia upande wa pili wa meza na hakusogelea kasha tena. Babu mwenyewe akajifunza kumeza: funda la maji, kidevu chini, na ikateremka bila kukwama.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa shujaa wa Mtongwe.

Kanuni ya saba ilisema: Mgonjwa asitembee baada ya alasiri. Akae kitini hadi magharibi.

Nilikuwa na sababu. Rafiki yangu Lynnette, ambaye baba yake huendesha trela la makontena, alikuwa amekubali kunifunza pikipiki ya kaka yake Dancun kwenye uwanja ulio kando ya gati ya zamani. Babu alikuwa amenikataza pikipiki kwa kiapo. Na Dancun alikuwa hana kazi nayo saa moja tu kwa siku, saa ile ile ambayo Babu hupita pale akikosoa watu.

Basi kwa wiki mbili nikaishi raha.

"Achilia klachi polepole, Jalila," Lynnette alikuwa akipiga kelele nyuma yangu. "Pole, msee. Na hiyo gia si mende, usiikanyage hivyo."

"Mbona yaruka?"

"Inaruka juu ya uoga wako. Weka gia ya pili, tuone kama wapwani wanaweza."

Niliiweka. Tulikwenda hadi ukingoni mwa uwanja na kurudi bila kuanguka, na wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu wakanipigia makofi. Sijawahi kupata alama ya hesabu iliyonifurahisha hivyo.

Nyumbani, Babu alikuwa akiitii kanuni ya saba kuliko nilivyokusudia. Siku ya tatu alisema kwamba kama kutembea jioni ni hatari, asubuhi nako si salama. Akawa anakaa kitini tangu chai ya asubuhi, redio pajani, akiwakosoa watangazaji. Nilimwona. Nilisema moyoni kwamba amechoka, mwache apumzike, kisha nikaenda kwa Lynnette.

Alhamisi moja nilirudi nina vumbi hadi kwenye nyusi. Babu alikuwa ameweka mguu wa kushoto juu ya kigoda, na Anti Jumwa anapasha mafuta ya nazi.

"Mguu wa Baba umevimba," alisema. "Ni maji tu. Nitamkanda, alale."

Niliutazama. Mguu wa kulia ulikuwa wa kawaida. Wa kushoto, chini ya goti, ulikuwa umejaa, unang'aa, na nilipoweka kiganja ulikuwa wa moto. Nikakumbuka ukurasa mzima wa kile kijitabu, na picha yake.

"Usiukande," nilisema. "Twende hospitali. Sasa hivi."

"Miadi yangu ni Jumatatu," Babu alisema. "Na saa hizi ni baada ya alasiri. Kanuni ya saba."

"Babu, dawa hii huweza kugandisha damu. Mguu mmoja ukivimba ndiyo dalili. Donge likipanda mapafuni ni hatari ya kufa."

"Nani kasema?"

"Kijitabu cha hospitali."

"Kina muhuri?"

Hakikuwa nacho. Nilifungua mdomo niseme ukweli wote, na kilichotoka kilikuwa hiki: "Kanuni yasema usitembee, Babu. Kupanda tuktuk si kutembea."

Alilifikiria hilo kikarani, macho juu.

"Hapo pana hoja," alisema.

Tulipanda tuktuk wote wanne, Bibi akisoma dua njia nzima, Anti Jumwa akiushikilia ule mguu kama yai. Feri ilichelewa dakika kumi, nazo zilikuwa ndefu kuliko kipindi cha kemia. Kila Babu alipovuta pumzi nilisikiliza kama inaingia sawasawa.

Hospitalini walimpaka mafuta mazito mguuni na kupitisha juu yake mashine ya picha. Daktari alisema damu imeganda kweli, donge dogo, bado liko mguuni. Alimchoma sindano ya kulizuia lisikue, akaandika vidonge vya kuendelea navyo, na akasimamisha kapsuli kwa siku chache hadi atakapompima tena. Alisema tumewahi. Alisema pia kwamba tungeukanda na kungoja Jumatatu, hapendi kufikiria nini kingetokea. Bibi akalia kidogo, kisha akauliza kama mgonjwa aweza kula mkate wa sinia, akaambiwa aweza, na sote tukapumua.

Ndipo akaja Sista Nduku.

"Mzee, ile aspirini ndogo ya kuzuia damu isigande unameza?"

"Kila siku."

"Na matembezi? Nilikwambia usikae kitako kutwa. Damu ya mtu anayetumia dawa hii inataka miguu inayotembea."

"Uliniambia," Babu alisema kwa heshima. "Kisha mkabadilisha kwa maandishi. Mimi ni mtu wa maandishi."

Akatoa mfukoni mwa koti karatasi iliyokunjwa mara nne. Karani haendi ofisini bila karatasi yake.

Sista Nduku alisoma akitikisa kichwa kukubali. "Hizi ni nzuri. Ningependa kuzibandika hapa ukutani. Nani..." Akafika ya saba. Aliisoma tena. Kisha akautazama muhuri.

"Hatuna idara yenye jina hili, Mzee. Na haya mambo sita ya kwanza niliyasema kwa mdomo wangu, chumbani kwangu, mbele ya watu wawili. Mmoja ni wewe."

Bibi alinigeukia. Anti Jumwa alinigeukia, mkono juu ya tumbo lake. Babu aligeuka mwisho, polepole.

"Ni mimi," nilisema.

"Zote?"

"Zote, Babu. Na muhuri."

"Hizo sita umefanya vyema," alisema. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ya saba kwa nini?"

Nilikuwa na visingizio vitatu, vyote vizuri. Kimoja kiliwahi kumridhisha mwalimu mkuu. Niliutazama mguu wake juu ya mto wa hospitali, nikaona hakuna hata kimoja kinachotosha.

"Kwa sababu alasiri wewe hupita gati ya zamani," nilisema, "na alasiri mimi huwa pale juu ya pikipiki. Na ule ukurasa wa damu kuganda, Babu, sikuusoma leo. Niliusoma kabla ya kuandika."