Mlango wa Mapacha wa Misikhu

Simu ya Hillary ilinikuta Kitale, ndani ya duka la Lalit, nikichagua mkanda wa cherehani. Hiyo ndiyo kazi yangu, kutengeneza cherehani. Nimeifanya Endebess, nimeifanya kule Kwanza, na kuanzia huko mlimani mpaka Bungoma mjini sidhani kuna fundi wa nguo ambaye hajanipa chai. Nyumba ninayo, lakini mimi na hiyo nyumba tunasalimiana tu.

"Khocha," Hillary akasema, "uko wapi?"

Khocha ni mjomba. Mama yake, Nanyama, ni wa ukoo wetu, kwa hivyo mimi humwita dada na mtoto wake huniita hivyo.

"Niko Kitale. Sema."

"Watoto bado wako ndani. Wakati wa chanjo umepita, na huku Misikhu kuna kifaduro. Mama amekataa wasitolewe. Ati mlango haujafunguliwa."

Mimi sikuhitaji kuelezwa zaidi, lakini pengine wewe unayesoma unahitaji. Kwetu Wabukusu, mapacha wakizaliwa, mama yao hukaa nao ndani. Yeye anaweza kupita mlango wa nyuma kwa haja zake, lakini watoto hawatoki mbele ya watu mpaka mlango ufunguliwe. Na huo mlango haufunguliwi na kila mtu. Hutafutwa pacha wa ukoo mwingine, aje na watu wanaimba, waliopo ndani wajibu, na nyimbo zenyewe si za kuimba mbele ya pasta. Siku hizi wengi wameacha, na wengine wanafanya kidogo tu bila kusema. Mimi ni pacha. Watu hunijua kwa jina la Wekoye, lakini jina langu la kuzaliwa ni Mukhwana, la pacha wa kwanza. Ndugu yangu Mulongo, wa pili, tulimzika zamani.

"Mmekuwa mkingoja nini?" nikamuuliza.

"Mahindi. Mama anataka tuvune kwanza ndio tulishe wageni vizuri. Na wewe hupatikani, khocha. Leo uko Kwanza, kesho hakuna anayejua."

"Sasa nimepatikana."

Lalit alikuwa amesikia yote, maana mimi kwenye simu hupiga kelele. "Mzee, na mkanda?"

"Niwekee. Naenda kufungua mlango."

"Umeanza useremala?"

"Nimeuanza tumboni mwa mama yangu," nikamwambia, nikatoka.

Nilishuka Misikhu jua likiwa bado juu. Njia ya kwenda kwa Nanyama inapita kwa Nakhungu, mwanamke mwenye maneno mengi ambaye cherehani yake nimeitengeneza mpaka nimeichoka. Nilimkuta uani akipepeta maharagwe, mtoto wake mdogo mgongoni. Mtoto alikuwa anakohoa. Kikohozi chepesi tu, lakini kilikuwa hakimwachi.

"Huyo umempeleka?" nikauliza.

"Wapi?"

"Si dispensari. Kwa kikohozi, na kwa chanjo pia."

"Chanjo?" Aliweka ungo chini. "Wewe baba Wekoye unatembea sana, hujui habari za hapa. Mama Nanyama mwenyewe amekataa. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Amemwambia sista wa dispensari kwa mdomo wake, 'Sisi tunaogopa hizo sindano.' Kama yule anaogopa, na anasoma Biblia mpaka miwani inaanguka, mimi ni nani nijifanye jasiri?"

"Ni wewe peke yako?"

"Aa! Hii laini yote ya nyumba tumeacha. Tunangoja tuone yeye atafanya nini."

Niliondoka hapo nikiwaza. Nanyama ninamjua tangu akiwa msichana. Watoto wake wote aliwapeleka kliniki, tena akigombana na mumewe aliyekuwa mvivu wa kuwasindikiza. Hao mapacha wenyewe walizaliwa hospitalini wakachanjwa ile ya mkono wakiwa hata macho hawajafungua sawasawa. Kuogopa kuliingia lini?

Nilipofika, sista alikuwa pale pale, Jepkosgei, msichana mrefu mwenye kisanduku chake cha baridi begani. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha nyumba ya Hillary akizungumza na Nanyama, na kwa jinsi alivyozungumza nilijua si mara ya kwanza.

"Mama, haizuii mtu kuzaa. Huo ni uvumi. Inakinga kifaduro, pepopunda, dondakoo. Nimekuletea hata picha."

"Nimeziona picha, binti yangu. Ni nzuri. Lakini sisi tunaogopa."

"Mnaogopa nini hasa?"

"Tunaogopa tu."

"Basi hata nikiingia ndani niwachome hapo kitandani?"

"Ndani usiingie."

"Au mnipitishie dirishani?"

Nanyama alishtuka. "Mapacha wapite dirishani kama vitu vya wizi?"

Sista akachoka. Aliandika kitu kwenye simu yake, akaniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akaenda zake. Ndani ya nyumba sauti ya Roselyne, mke wa Hillary, ikasema kupitia mlango uliofungwa, "Mama, huyo sista atachoka kuja."

"Wewe nyonyesha," Nanyama akamjibu.

Nikaketi kwenye kiti cha plastiki. Nikamwambia dada yangu pole pole, "Unaogopa sindano tangu lini?"

Aliingia jikoni akaniletea uji wa wimbi, akajichukulia na wake, akakaa. Hillary alitoka nyuma ya nyumba na mikono yenye matope ya matofali, akaniona, akacheka kwa furaha, halafu akamtazama mama yake akaegemea ukuta.

"Nanyama, nimekuuliza."

"Na mimi nimenyamaza, Wekoye. Si umeona?"

"Kwa nini usimwambie huyo msichana kwamba ni mlango tu?"

Hapo ndipo alipowaka. "Nimwambie mimi? Mimi mwenyekiti, niliyesimama mbele ya kanisa nikasema mambo ya kufungia mapacha ni ya giza? Mwaka jana tu nilimkemea mke wa Sifuna kwa kitu hiki hiki. Aibu ilimpata akakubali, akawatoa watoto wake kama kuku. Leo wa kwangu wamekuja wawili, na usiku, ninaposali, ninamwona dada yangu mdogo."

Hilo nililijua. Dada yake alizaa mapacha, wakatolewa kabla ya mlango kwa sababu ya homa, mmoja akafa njiani. Ni homa iliyomuua. Lakini mtoto akifa mikononi mwako huwezi kuambiwa ni homa ukaridhika.

"Kwa hivyo ukasema unaogopa sindano."

"Hilo watu wanalielewa. Kila mtu anaogopa sindano. Nikisema mlango, Jumapili nitaketi wapi?"

"Na huku umezuia laini nzima."

"Mimi? Mimi nimezuia wajukuu wangu tu, mpaka mahindi yavunwe."

"Nimetoka kwa Nakhungu sasa hivi. Amesema anangoja aone wewe utafanya nini. Na si yeye peke yake."

"Nakhungu ana mdomo."

"Ana mdomo, na ana mtoto anayekohoa."

Nanyama alitaka kujibu, lakini hakuhitaji mimi nimthibitishie. Ua kati ya boma hizo mbili ni la miti tu. Kile kikohozi kikaja. Hakikuwa chepesi tena. Kilikuja kimefuatana, kimefuatana, mtoto hapati nafasi ya kuvuta pumzi, halafu akavuta, na ile sauti ya kuvuta kila mzee wa Bungoma aliyelea watoto zamani anaijua. Nanyama aliijua. Alisimama, bakuli la uji likamwagika kwenye kanga yake, asilitazame.

"Hillary," akasema, "chukua pikipiki ya jirani. Mpeleke Nakhungu na mtoto hospitali ya Webuye. Sasa hivi, usinawe mikono."

Hillary akakimbia. Tuliwasikia wakibishana kwa dakika chache kule ng'ambo, Nakhungu akisema ati atangoja asubuhi, na Nanyama akapaza sauti kupitia ua, "Nakhungu, panda hiyo pikipiki kabla sijaja huko mwenyewe." Akapanda.

Ndipo dada yangu akarudi kuketi. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kuna watu wakishakosea wanataka wagombezwe ili wapate cha kukataa, na Nanyama ni mmoja wao, kwa hivyo nilikunywa uji.

"Utaweza asubuhi?" akauliza mwishowe.

"Asubuhi hata sasa."

"Hakuna kondoo. Hakuna pombe ya busaa."

"Huu uji ukichacha kidogo unatosha. Nitawapulizia kwa mdomo kifuani, mama na watoto, basi. Kwani hao watoto watauliza ni busaa ya kiwango gani?"

"Na wageni?"

"Upande wa Roselyne aje hata mmoja. Upande wenu mko. Mimi si wa ukoo wa mumeo, kwa hivyo ni wa nje. Mlango haujali ukubwa wa sufuria."

"Na zile nyimbo?"

"Nyimbo lazima."

Roselyne kutoka ndani akasema, "Mimi zile nyimbo nazijua zote, mama. Nimekuwa nikizifanyia mazoezi humu. Kazi nyingine sina." Nanyama alijaribu kutocheka, ikamshinda.

Asubuhi walikuja watu wengi kuliko tuliowaita. Kaka yake Roselyne alifika na kuku mkononi. Akina mama wa laini walikuja kwa sababu Nakhungu alikuwa amepiga simu kutoka Webuye: mtoto amelazwa, anapewa dawa, daktari amesema ni kifaduro kweli na ameletwa wakati mzuri. Habari hiyo iliwafanya waje kumtazama Nanyama usoni. Wengine walikuwa na vitambaa vya kichwa vya kanisa. Sista Jepkosgei naye alikuja na kisanduku chake, nadhani Hillary ndiye aliyemwita.

Nikaanza. Sitaandika hapa nilichoimba. Nilimtukana baba wa watoto, nikataja mguu wake wa tatu na kazi zake za usiku, na upande wa ndani Roselyne akanijibu kwa sauti kubwa kuhusu wazee wasio na nyumba wanaolala kwenye cherehani za watu. Akina mama wakaanza kuitikia, kwanza kwa aibu, kisha yule mwenye kitambaa kirefu kuliko wote akaimba ubeti ambao hata mimi sikuujua. Nilimsikia Jepkosgei akimwuliza Hillary, "Hawa ni watu wa kanisa?" na Hillary akamjibu, "Leo ni Jumanne."

Nikasukuma mlango, wakausukuma kutoka ndani, tukashindana, ukafunguka. Nikapuliza uji. Roselyne akatoka na watoto wawili kwenye mwanga, wamekunja nyuso kama wazee walioamshwa. Mukhwana ni msichana, Mulongo ni mvulana. Huyo Mulongo nilimshika mimi.

Kwa kawaida hapo watu hucheza. Lakini Nanyama alisimama katikati ya uwanja akainua mkono, na akina mama wakanyamaza kwa mazoea, maana ndivyo anavyofanya kwenye mikutano.

"Nina neno," akasema. "Nilimwambia sista naogopa sindano. Mlinisikia, mkafuata. Sikuwa naogopa sindano. Nilikuwa naogopa huu mlango, na nilikuwa naogopa nyinyi. Sasa mmeona mlango, na mmeniona mimi. Mtoto wa Nakhungu amelazwa kwa ajili ya uongo wangu. Kama mnataka mwenyekiti mwingine, Jumapili mtasema. Lakini leo mimi napeleka hawa dispensari, na nataka kila mwenye mtoto atangulie mbele yangu, nimwone."

Mke wa Sifuna alikuwa pale, yule aliyekemewa mwaka jana. Alikuwa na haki ya kusema kitu kikali, na sote tulimtazama. Akasema, "Mimi wangu walishachanjwa, mama mwenyekiti. Nitakusaidia kubeba." Akamchukua Mukhwana kwa Roselyne. Mwanamke mmoja mzee wa kanisa alikunja kanga yake akaenda nyumbani bila kuaga. Wengine wakaenda kuchukua watoto.

Jepkosgei akamkaribia Nanyama. "Kumbe ilikuwa mlango. Mama, ungeniambia. Bibi yangu kule kwetu Nandi alizaa mapacha, na mpaka anakufa hakukanyaga zizi la ng'ombe, maana kwetu ni mwiko kwa mama wa mapacha. Tulikuwa tunamletea maziwa mlangoni. Ningengoja, au ningekusaidia kumtafuta huyu mzee."

"Huyu hatafutwi," Nanyama akasema. "Huyu hutokea."

Kwenye dispensari, foleni ilifika mpaka kwenye bomba la maji. Mulongo alichomwa akiwa mikononi mwangu, paja moja, kisha la pili, akanitazama kwanza kama aliyeuliza ni mimi niliyeruhusu, halafu akalia kwa nguvu zake zote, na hizo nguvu zilinifurahisha. Dada yake alilia kabla ya kuguswa. Wakadondoshewa matone mdomoni wakanyamaza.

"Mwezi ujao mrudi," Jepkosgei akasema. "Nani atawaleta?"

"Mimi," Nanyama akasema. "Na hawa wote nyuma yangu. Asiyekuja nitamwendea nyumbani na hizo nyimbo za Wekoye."