Hita Iliyofungwa Kitambaa

Hita ya gesi ilizimika mara ya nne kabla ya saa nne asubuhi, na theluji ilikuwa imeshafika kizingiti cha jiko. Makatiso alimwonea huruma binti yake Puseletso, aliyekuja kwao kujifungua mimba ya kwanza kama ilivyo desturi. Sasa yumo chumbani penye hita hiyo, na kichanga cha siku tano. Juu ya mlango matete mawili yamechomekwa kwenye paa kama pembe: mwanamume haingii humo, awe nani.

Makatiso si mtu wa kushindwa na kitu cha bati. Aliuinua mtungi, akauona mzito. Akakaza regulata. Akavaa miwani, akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi mwanzo hadi mwisho. Hakikutoka kiputo hata kimoja. Basi akachana upindo wa blanketi kuukuu, akakifunga kile kitufe cha kuwashia kibaki kimebonyea. Hita ikatulia. Akaziba dirisha kwa gunia, akatoka, akasukumia mablanketi mawili chini ya mlango kwa nje, akaenda zake jikoni kukoroga uji wa mtama.

Adhuhuri akaja mzee Khethisa, muuza gesi, farasi wake akitoa mvuke puani.

"Hita inasemaje, mama?"

"Ilikuwa na kiburi, ntate Khethisa. Nimeifunga kitambaa kama mgonjwa wa jino. Mafundi wenu watakula nini sasa?"

Khethisa akacheka, kisha kicheko kikamkatika. "Umefunga nini?"

"Kitufe."

"Moto wake rangi gani?"

"Njano, kama boga. Mzuri."

"Bluu, mama! Unatakiwa uwe bluu! Ile hujizima hewa ikiisha chumbani. Haikuharibika, ilikuwa inakukataza! Watoe!"

Makatiso alikimbia. Mlango ukamgomea kwa mablanketi yake mwenyewe. Akausukuma kwa bega. Ndani joto zito, ukuta juu ya hita mweusi kwa masizi. Puseletso amelala mdomo wazi.

"Puse! Puse, mwanangu!"

Jicho halikufunguka. Akafunga gesi mtungini, akanyakua kichanga, akatoka nacho kwenye theluji, kitovu hakijadondoka.

"Ingia umtoe binti! Mimi simwezi!"

Khethisa hakusogea. Macho yake yalikuwa juu ya mlango. "Matete, mama. Nikimletea mtoto balaa?"

"Balaa limo ndani, nimelifunga mwenyewe kwa kitambaa!"

Bado alisimama. Makatiso akanyoosha mkono mmoja, akayavuta matete, akayavunjia gotini. "Haya, yako wapi?"

Ndipo mzee akaingia. Akatoka akimburura Puseletso kwa makwapa, akamlaza juu ya blanketi lake. Akampigapiga mashavu. Kisha binti akakohoa, akatapika.

"Kichwa, mama..."

"Tapika, mwanangu. Tapika."

Lakini mtoto hakuwa ametoa sauti. Makatiso akampulizia usoni, hakuna kitu. Akamfinya kisigino. Akamfinya tena, kwa kucha. Mtoto akanung'unika, akakunja uso, akapasua kilio.

"Mfunike, anaona baridi," alisema Khethisa, akigeuza farasi. "Tuwapeleke zahanati, mama na mtoto, sasa hivi."

Makatiso akamfunika kifuani mwake. Ila kila kilio kilipotaka kushuka, mkono wake ulikwenda chini ya blanketi, ukamfinya tena.