Ganda la Upande wa Jua

Tena! Mti mkubwa wa bustani ya Keshero ulikuwa umebanduliwa ganda, na kama kawaida upande wa mawio ya jua. Masika, mtunza bustani, alipaka kidonda udongo, akakifunga kwa majani ya mgomba huku akimlaani mwizi. Lakini kwa nini upande huo tu? Swali hilo lilimkera kuliko wizi wenyewe.

Jioni, kikohozi kilipombana, jirani yake Mama Nshobole alimletea kikombe cha dawa chungu. Kifua kikaanza kulegea.

“Mama Nshobole, hii dawa umeitosha wapi?”

“Ku muti yako ya bustani. Ganda ya fasi jua inatokaka ndiyo iko na nguvu.”

Masika alifungua kinywa atukane, kikohozi kikamtangulia. Akanyoosha kikombe.

“Ongeza kidogo.”