Njia ya Mchanga

Kwa miaka tisa Wariara aliomba kitu kimoja tu, na hakukiombea kanisani maana alijua si cha kanisani. Aliomba Gathogo aje. Aje hapa hapa kwenye makutano, ndani ya treni, mchana kweupe, akiwa na haraka.

Makutano yenyewe hayana la kumvutia mtu. Ni kibanda cha mabati, tangi la maji, choo kilichoinama, na reli mbili zinazokutana kwenye uwanda wa vumbi upande wa Longonot. Moja ni reli ya zamani, ile nyembamba, inayokwenda Nakuru na kuendelea hadi mpakani. Nyingine ni kipande kifupi cha kuunganisha. Kinatoka kwenye bandari ya nchi kavu, ambako kontena hushushwa kutoka treni za reli mpya na kupakiwa kwenye mabehewa ya zamani, kwa sababu reli mpya ni pana na magurudumu yake hayaingii huku. Treni ya mizigo inayotoka huko kwenda Nakuru haina budi kupita mbele ya kibanda cha Wariara.

Kilomita mbili za mwisho kipande hicho huteremka. Treni ya mabehewa ishirini ikishika mteremko bila breki haisikii dua wala matusi. Ndiyo maana kabla tu ya kuifikia reli ya zamani kuna njia ya tatu, fupi, isiyokwenda popote: mita mia mbili za reli zilizofukiwa mchanga, zinazoishia kwenye tuta la udongo. Kanuni ni kwamba pointi, yaani zile reli za kugeuza treni, zinaelekea mchangani saa zote. Dereva anasimama kwenye ubao mweupe, anashuka, anapokea karatasi ya njia kutoka mkononi mwa Wariara, anaisoma kwa sauti na kutia sahihi. Hapo ndipo Wariara anafungua kufuli na kuvuta wenzo, na treni inapita. Ikishapita anazirudisha pointi mchangani. Asiyesimama anaenda mchangani, hata awe nani.

Hayo alifundishwa na baba yake, Ephantus, akiwa na miaka minane, uani kwao Kaptembwo, mjini Nakuru, kwa vitambaa viwili vya jikoni. Chekundu mkono wa kushoto, cha kijani mkono wa kulia, treni yoyote ikikaribia, hata kama njia ni salama, hata kama mvua inanyesha.

"Kushoto kusiwe kutupu," Ephantus alikuwa akimwambia. "Uhai wa watu uko kushoto."

Ephantus alikuwa mshika pointi kwenye njia ya maghala, kipande kingine cha kuunganisha nje ya mji wa Nakuru ambacho siku hizi kimeota nyasi. Gathogo alikuwa msimamizi wake, kijana wa shati la pasi na mdomo mwepesi. Asubuhi moja Gathogo akamwambia kwa mdomo aziache pointi zikielekea reli kubwa, treni zimechelewa, karatasi zitafuata. Ephantus akatii. Mabehewa manne ya mahindi yakaponyoka huko juu kwenye maghala, yakateremka, hayakukuta mchanga, yakaingia reli kubwa na kumkuta fundi wa reli aitwaye Kipruto ameketi akinywa chai. Mbele ya wachunguzi Gathogo alisema hakutamka neno kama hilo. Waliokuwepo siku ile walikuwa wawili tu, hakukuwa na sikio la tatu. Ephantus alifungwa miaka miwili, akatoka na kikohozi na jina la muuaji. Gathogo alipandishwa cheo, kisha akapandishwa tena.

Hata leo Ephantus akienda dukani kununua sukari, kuna wanaonong'ona, "Yule wa treni."

Basi Wariara aliomba kazi ya reli, na si kwa kuipenda. Aliiomba kama mtu anayenunua panga. Alipopelekwa makutanoni wenzake walimhurumia kwa upweke wa mahali pale, naye akawaacha wamhurumie. Alijua Gathogo hajabadilika. Mtu aliyezoea kuvuka kanuni kwa mdomo na kuachia wengine gharama haachi, hasa akiwa mkubwa. Kilichobaki ni kungoja.

Simu ilikuja Jumanne, saa tatu na dakika arobaini.

"Ni Gathogo. Nani yuko hapo junction?"

"Ni Wariara, boss."

Jina hilo halikumwambia kitu. "Wariara, sikiza. Niko kwa injini na Kiplimo. Kuna wageni wananingoja Nakuru saa sita, tent zimewekwa, nimewaambia hii njia yetu haichelewi. Kwa hivyo hatusimami hapo kwako. Weka pointi main line saa hii. Karatasi nitasign nikirudi."

"Boss, kanuni inasema..."

"Usinifunze kazi, madam. Tuko hapo baada ya dakika ishirini."

Akakata bila kungoja jibu.

Wariara alibaki na simu sikioni, moyo ukimwenda mbio kama wa msichana anayeposwa. Kumbe ni rahisi hivi. Hakuhitaji kutega chochote wala kuharibu chochote. Alihitaji tu kufanya kile ambacho kitabu kinasema: kuziacha pointi mahali pake.

Angeweza kumpigia simu na kumwambia wazi kwamba hafungui. Angeweza kupanda mteremko kwa miguu hadi penye kona na kusimama na bendera nyekundu, Kiplimo angemwona kutoka mbali. Dakika ishirini ni nyingi. Aliyajua yote hayo, na tuseme ukweli, hakufanya hata moja. Alijiambia kwamba mchanga hauui mtu, kwamba ndiyo kazi yake kushika treni, kwamba huo utakuwa mtikiso tu na aibu. Hasa aibu. Alitaka Gathogo aaibike mbele ya Nakuru nzima, wageni wake wakila sambusa bila yeye.

Kuhusu Kiplimo alijizuia kufikiri. Kiplimo alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, dereva mpole, wa kusimama kwenye ubao mweupe kila siku, hata akiwa amechelewa. Kila asubuhi alimshushia Wariara gazeti la jana. "Habari zimepoa lakini bado zinalika, madam," alikuwa akisema. Lakini leo mkubwa wake alikuwa amemsimamia begani.

Treni ilichomoza penye kona. Wariara alikuwa ameshasimama kando ya wenzo, kufuli imefungwa, bendera ya kijani imekunjwa mkono wa kulia, nyekundu imekunjwa mkono wa kushoto. Kiplimo akapiga honi mara mbili. Katika lugha ya reli hilo ni swali: njia iko wazi? Akapiga tena. Wariara aliuona uso wake dirishani, kijana wa watu akimtafuta kwa macho, na nyuma yake aliona mkono wa Gathogo ukipunga mbele, mbele, kama mtu anayefukuza kuku.

Mkono wa kushoto ulikuwa mzito. Ulibaki chini.

Injini ikapita ubao mweupe, ikagusa pointi, ikainama kidogo na kuingia mchangani. Ilikuwa sauti ya kusaga, ndefu, kisha mabehewa yakagongana moja baada ya jingine mpaka la mwisho, na vumbi likafunika kila kitu. Vumbi lilipotulia injini ilikuwa imezama hadi kwenye ngazi zake. Mlango ukafunguka na Gathogo akatoka kwa magoti, suti ya buluu, tai ya sherehe imemzunguka hadi mgongoni, mchanga mdomoni na masikioni, akitema na kutukana na kutema tena. Alijaribu kusimama, kiatu kikabaki mchangani. Akajaribu tena, akaanguka kitako.

Raha aliyoisikia Wariara wakati ule ilikuwa raha kamili, na asidanganye mtu kwamba kisasi hakina utamu. Kilimshuka kooni kama chai ya kwanza ya mtu aliyefunga siku tatu.

Kisha Kiplimo naye akatoka. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na ule wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakulia. Alimtazama tu Wariara, akaitazama bendera iliyokunjwa, akaangalia chini.

Jioni hiyo Wariara alishuka Kaptembwo akiwa na habari yake kama mtu aliyebeba zawadi. Ephantus alikuwa nje ya mlango kwenye benchi lake, blanketi mabegani, redio mapajani. Wariara hakungoja hata kukaa.

"Baba, Gathogo ameingia mchangani leo. Kwangu. Alinipigia akisema hasimami, nikaziacha pointi mahali pake."

Mzee akazima redio. Wariara akadhani ni kwa furaha.

"Alikupigia mapema?"

"Dakika ishirini kabla."

"Na mkono wako wa kushoto ulikuwa na nini?"

Wariara akainamia kamba za viatu vyake.

"Nimekuuliza, Wariara."

"Bendera, Baba."

"Uliinua?"

"Sikuinua."

"Na dereva?"

"Amevunjika mkono."

Ephantus akakohoa hadi machozi yakamtoka. Alipopata pumzi alijifunika blanketi vizuri na kuinuka. "Mimi nilimuua Kipruto kwa kutii," alisema. "Sikujua mabehewa yanakuja. Wewe ulijua." Akaingia ndani na kumwacha amesimama. Wariara alimkasirikia usiku kucha. Miaka yote hiyo ya vumbi, kwa ajili yake, na hana hata asante.

Uchunguzi ulifanyika Ijumaa mjini Nakuru, katika chumba chenye feni isiyozunguka. Walikaa wachunguzi watatu, Gathogo akiwa na plasta ndogo kwenye paji la uso, Kiplimo na mkono ulioning'inizwa kwa kitambaa, na Wariara nyuma karibu na mlango.

Gathogo alizungumza wa kwanza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusadikiwa. "Nilimwambia dereva asimame kwenye ubao. Hakusimama. Kuhusu kupita bila kusimama, sikutamka neno kama hilo."

Ni maneno yale yale. Wariara alikuwa ameyasoma mara nyingi kwenye nakala ya kesi ya baba yake, karatasi iliyochanika penye mikunjo, na sasa aliyasikia yakitoka hai kinywani.

"Yeye ndiye aliniambia nisisimame," Kiplimo akasema. "Akasema amepiga simu, pointi ziko sawa."

"Nani alisikia?"

Mmoja wa wachunguzi akaandika, kisha akamweleza Kiplimo kwa upole kwamba leseni yake itasimamishwa na huenda faili ikapelekwa kwa polisi, kwa kuwa kupita ubao si kosa la ofisini tu.

"Na ningependa iandikwe," Gathogo akaongeza, akigeuka nyuma kwa mara ya kwanza, "huyu mama wa junction alifanya kazi yake vizuri sana. Pointi zilikuwa mahali pake. Mngemwandikia barua ya pongezi."

Wachunguzi wakatikisa vichwa kukubali. Hapo Wariara akaona mambo yote mawili kwa wakati mmoja. Akinyamaza, atarudi kibandani na barua ya pongezi yenye sahihi ya Gathogo, Gathogo atarudi ofisini, na Kiplimo atakwenda alikokwenda Ephantus. Akisema, hataweza kusema nusu. Huwezi kusema ulipigiwa simu bila kuulizwa ulifanya nini baada ya simu. Kamba ya kumfunga Gathogo ilikuwa imefungwa kiunoni mwake pia.

Akasimama. Hasira ilikuwa imara, naye akaishikilia.

"Mimi nilisikia," alisema. "Alinipigia Jumanne saa tatu na dakika arobaini. Simu hii hapa, angalieni. Aliniambia hawasimami, niweke pointi reli kubwa, karatasi atasaini akirudi. Nikaziacha mchangani. Nilijua dakika ishirini mapema kwamba wanakuja bila kusimama. Nilikuwa na bendera nyekundu mkono wa kushoto na sikuinua. Andikeni hivyo vyote, msiandike nusu."

Kalamu zilisimama. Gathogo akageuka nyuma tena.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Wariara wa Ephantus. Ephantus wa njia ya maghala."

Wariara aliutazama uso wa Gathogo ukibadilika, na akautazama hadi mwisho, bila haraka. Mtu huyu alikuwa amekwisha, naye alijua. Wariara hakumwonea huruma hata kidogo, wala hajamwonea hadi leo.

Walimpokonya ufunguo wa kufuli na bendera zote mbili siku hiyo hiyo. Nje, kwenye ngazi, Kiplimo alikuwa akimngoja.

"Uliniona nikipiga honi?" aliuliza.

"Nilikuona."

Kiplimo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo ambalo angependa lisiwe kweli. Hakumshukuru na hakumtukana. Alishuka ngazi akienda zake, mkono umeshikiliwa kifuani, na Wariara hakuthubutu kumwita.

Ephantus alikuwa kwenye benchi lake. Wariara alimweleza yote, na safari hii hakuwa na zawadi ya kubeba.

"Gathogo amefutwa kazi," alisema. "Na mimi nimefutwa. Huenda hata mimi wakanishtaki."

"Kijana ataendesha tena?"

"Mkono ukipona. Leseni wamemwachia."

Mzee alifikiri kidogo. Kisha akasogea hadi pembeni mwa benchi, akakusanya blanketi, na kumpisha mwanawe nafasi ya kukaa.