Mwendo wa Mzee Ndiyo

Asubuhi ile Waithaka alimkabidhi Nabalayo debe lililojaa viazi, akamwambia alibebe kutoka mlango wa nyuma wa ofisi hadi kwenye ua wa michongoma, arudi, halafu aende tena. Upepo ulikuwa ukitoka ziwani na vumbi la magadi. Nabalayo alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, kwa maana hakujua kwamba kazi ya kuchora ingekuwa na kubeba ndani yake.

"Inauma wapi?" Waithaka aliuliza aliporudi.

"Mkononi."

"Nenda tena."

Alienda tena. Mara hii alitua debe chini kabla ya kujibu. "Mkononi, Mwalimu. Lakini zaidi ni hapa kiunoni, upande ule ambao hauna debe."

"Sasa ingia ndani umchore mtu aliyebeba mzigo."

Ofisi yenyewe ilikuwa jengo la mabati karibu na stesheni ya Nakuru. Humo zilitengenezwa sinema fupi za kuonyeshwa wafanyakazi wa mashamba ya Wazungu huko Molo na Dundori, zikapelekwa kwa gari. Bwana Prentiss, mkubwa wa ofisi, alikuwa ameona kwamba watu hucheka zaidi wakionyeshwa katuni, na mtu anayecheka husikiliza. Aliyeijua kazi hiyo ni Waithaka. Wakati wa vita alipelekwa India, akawekwa na wachoraji waliotengeneza sinema za kuwafundisha askari kujikinga na malaria, akarudi anajua kuufanya mchoro utembee. Mtu huchorwa kwenye karatasi nyembamba, juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Karatasi nyingine huwekwa juu ya ile, naye huchorwa tena akiwa amesogea kidogo, na hivyo hivyo mpaka karatasi zijae sanduku. Zikishapigwa picha moja moja na kupitishwa kwenye mashine, mtu huyo anatembea.

Nabalayo, binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka upande wa Bungoma, aliajiriwa kuosha brashi. Siku moja Waithaka alikuta kwenye ukingo wa gazeti Nabalayo amemchora yeye mwenyewe akipiga chafya, tangu pua ilipoanza kuwasha mpaka alipotoa leso. Kesho yake palikuwa na kiti cha pili kwenye meza ya kioo.

Mtu waliyemchora aliitwa Mzee Ndiyo. Jina hilo alipewa na Bwana Prentiss. Alikuwa na kofia iliyobonyea, masharubu kama ufagio, na koti refu la jeshi. Katika kila sinema mtaalamu alimweleza jambo, kwamba apande viazi kwenye matuta, kwamba anawe mikono, kwamba asiwafiche wageni nyumbani kwake, na Mzee Ndiyo akaitikia kwa kichwa.

Mzee Ndiyo wa kwanza wa Nabalayo alielea kama shati kwenye kamba. "Huyu hana mifupa," Waithaka alisema, akazirudisha karatasi zote. Wa pili alikuwa na mifupa lakini alidonoa kama kuku. Waithaka alimweleza kwamba anayekubali kwa kichwa tu bado hajakubali, kwamba aanzie mgongoni, na kwamba kabla mtu hajainuka huwa anashuka kwanza. Kuhusu huzuni alimwambia hivi: "Usimchore akiwa na huzuni. Mchore akijaribu kuificha. Wanaotazama wataitafuta wenyewe." Nabalayo alikaa na kioo kidogo mapajani, akificha huzuni ambazo hakuwa nazo, mpaka mama yake akamuuliza kama kuna mtu amemkosea kazini.

Siku ambayo Mzee Ndiyo alipumua sawasawa kwa mara ya kwanza, karatasi zilizokuwa ng'ambo ya meza zilipeperuka zikaanguka sakafuni, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Waithaka aliziokota, akaziwekea jiwe, akasema kwamba kifua sasa kiko sawa, wahamie kwenye mikono.

Walikuwa bado kwenye mikono askari walipokuja. Ilikuwa mwaka wa 1954, na wanaume wa Kikuyu walikuwa wakikusanywa mtaa kwa mtaa, shamba kwa shamba, wakafungwe kambini. Waithaka alifunika wino wake. Bwana Prentiss alisimama mlangoni akasema kwamba lazima kuna makosa na kwamba ataulizia, naye kweli aliulizia, akaambiwa hakuna makosa. Waithaka alipopita nyuma ya kiti cha Nabalayo aliitazama karatasi iliyokuwa juu ya kioo.

"Huo mkono wa kushoto unachelewa," alisema. "Uuangalie."

Kisha alitoka. Alikuwa na mwendo wake, bega la kushoto likitangulia, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba akiwa na mzigo. Nabalayo alimwona kupitia dirishani mpaka alipopandishwa kwenye lori. Mchana ule aliusahihisha ule mkono wa kushoto. Mwisho wa juma akaambiwa ahamie kiti cha Waithaka, kwa maana taa yake ilikuwa nzuri zaidi, naye akahamia, akachukia jinsi kiti kile kilivyomfaa.

Sinema ya kwanza aliyoichora peke yake ilihusu kuhifadhi viazi. Mzee Ndiyo anachukua gunia upande mmoja wa shamba, analivuka shamba, analitua ghalani, anarudi kuchukua jingine, mara kadhaa, huku mtaalamu akieleza faida ya ghala kavu. Ili kazi iwe nyepesi, Nabalayo alichora safari moja tu, na hiyo hiyo ikapigwa picha kwa ajili ya safari zote.

Alipanda na Kiptanui, dereva wa gari la sinema, waende kuionyesha Molo. Kwa sababu usiku watu walikatazwa kutembea, sinema zilionyeshwa alasiri ndani ya mabanda ya kukaushia maua ya pareto, madirisha yakizibwa kwa magunia. Waliokuja karibu wote walikuwa wanawake. Safari ya kwanza ya Mzee Ndiyo ilienda kama ilivyochorwa. Katika safari ya pili alirusha magoti nje kidogo na kukanyaga kwa kisigino, jambo ambalo Nabalayo hakulichora.

"Huyo ni Kinyanjui wangu," alisema mwanamke mmoja wa mbele, kwa sauti ya mtu anayesema maziwa yamefika.

Safari ya tatu Mzee Ndiyo alivuta hatua fupi fupi, na mwanamke mwingine akamwambia binti yake atazame, babu yake yule. Kila safari ilikuwa na mwendo wake. Kofia ilikuwa ile ile, masharubu yale yale, na ndani ya lile koti wanaume waliochukuliwa Molo walipita mmoja baada ya mwingine, wamebeba viazi. Mtaalamu aliendelea kueleza. Ilipoisha, wanawake walikunja kanga zao, wakamshukuru Kiptanui na kumuuliza atarudi lini.

Njiani kurudi Nabalayo alimuuliza Kiptanui kama mashine ina hitilafu.

"Mashine ni nzima," Kiptanui alisema. "Wewe ndiye unachora vizuri."

Dundori walikwenda juma lililofuata. Njoki, mke wa Waithaka, alikuwa amehamia huko kwa mama yake baada ya nyumba yao ya Nakuru kufungwa. Alikuwa akichuma pareto, naye aliingia bandani akiwa na Mugure, binti yao mdogo, mgongoni. Alimsalimia Nabalayo kwa mikono miwili, wakaulizana habari za nyumbani, hakuna aliyelitaja jina la Waithaka. Katika safari ya nne bega la kushoto lilitangulia. Njoki alimfungua mtoto mgongoni, akamgeuza na kumpakata ili aone.

Tangu siku hiyo, gari lilipopanda Dundori, Njoki alikuwa amekwisha kaa. Wanawake walijifunza mengi mle bandani. Mmoja alimwona mumewe amenenepa kidogo akafurahi, kisha Nabalayo akamweleza kwa upole kwamba si unene, ni miguu iliyovimba, kwa kuwa uzito ulikuwa ukishukia mahali pasipo pake. Ilibidi amwambie. Hakuna mwingine pale aliyejua kusoma mwendo, naye hakuwa amefundishwa jambo jingine lolote.

Baada ya mvua za masika Waithaka alianza kuchechemea. Mguu wa kulia haukukunjika tena gotini. Njoki aliomba ruhusa, akashuka mpaka ofisi ya serikali mjini kuuliza, na karani akamjibu kwamba wote walioko kambini wana afya njema na wanalishwa vizuri. Njoki alisema ameuona ule mguu. Karani alimuuliza ameuonea wapi, naye akasema kwenye sinema ya viazi. Karani akamwambia hiyo ni katuni.

Nabalayo alikaa na jambo hilo siku nyingi. Mwishowe aliichora upya sinema nzima, bila kumwambia Bwana Prentiss sababu. Alichora kila safari peke yake, na ile ya nne akaichora kwa makini kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya, bega la kushoto mbele, goti la kulia likikunjika bila shida, gunia likikaa vyema mgongoni. Hakuna kilichochelewa. Alipoipitisha kwenye mashine ofisini, Waithaka alilivuka shamba kama mtu anayekwenda kwake, na Nabalayo akazima mashine akakaa kidogo gizani.

Dundori goti lilikunjika vile vile, bila shida. Njoki alitazama mpaka mwisho. Watu walipotoka alibaki kwenye benchi.

"Hiyo umeichora wewe," alisema.

"Ndiyo, Mama Mugure."

"Ni nzuri. Lakini huyo si yeye." Alimfunga mtoto mgongoni pole pole, akikaza fundo. "Nabalayo, mimi nadanganywa kule mjini. Nadanganywa na Bwana wa shamba. Wewe usinidanganye. Kama anachechemea, acha achechemee."

Nabalayo aliomba msamaha. Aliirudisha sinema ya zamani, na Waithaka akarudi na mguu wake mgumu, kisha na mkongojo, ambao Mzee Ndiyo aliushika pamoja na gunia bila kuulizwa. Halafu, alasiri moja ya baridi, safari ya nne ilipofika, shamba lilibaki tupu. Gunia lilikuwa limesimama upande mmoja, ghala upande wa pili. Sauti ya mtaalamu iliendelea, ikisema unyevu ni adui wa viazi. Kisha Mzee Ndiyo alitokea kwa safari ya tano, akiwa na mwendo wa mume wa mtu mwingine, akapita kando ya lile gunia bila kuligusa.

Njoki alimwomba Kiptanui arudishe. Kiptanui alirudisha, shamba likawa tupu. Akarudisha tena bila kuombwa. Wanawake waliokuwa karibu na Njoki walisogea wakamkaribia, mabega yakagusana, na mmoja akamchukua Mugure. Njoki alikuwa amekaa wima, akiificha huzuni, na Nabalayo, aliyesimama kando ya mashine, aliyaona mambo yote yalivyokwenda kwa taratibu yake. Kilianza kifua, halafu shingo, na mikono ikaja mwisho. Alijichukia kwa kuyaona.

Mjini karani alisema Waithaka ana afya njema. Alisema hivyo mwezi uliofuata pia. Bwana Prentiss alipoambiwa na Nabalayo, alivua miwani, akasema inasikitisha sana kama ni kweli, na kwamba yeye hana uwezo juu ya mambo ya kambi. Aliongeza kuwa wakubwa wa Nairobi wameipenda sinema ya viazi na wanataka nyingine, ya kuku.

Kabla ya Krismasi familia za Kikuyu zilizobaki kwenye mashamba ya Dundori zilipewa amri ya kuondoka na kurudishwa upande wa Kiambu, wengi mahali ambapo hawakuwahi kupaona. Njoki alipitishwa stesheni ya Nakuru pamoja na wenzake. Nabalayo alivuka reli akamletea mkate na chupa ya chai. Waliongea kupitia dirisha la behewa.

"Gari lenu linafika kule?" Njoki aliuliza.

"Hapana. Mwisho wetu ni Molo."

Njoki alifikiri. "Haidhuru. Wewe endelea kumchora. Mugure ataulizia siku moja, na nitamwambia yupo mtu anayejua alivyotembea baba yake."

Treni iliondoka na chupa ya chai ndani yake.

Mwezi wa Januari Kiptanui na Nabalayo walipanda Dundori na sinema ya kuku. Watu walikuwa wachache, wageni wengi, walioletwa kuchuma pareto mahali pa wale waliofukuzwa. Katika sinema hiyo Mzee Ndiyo anatoka nyumbani na karai la mahindi, anavuka ua, anawamwagia kuku. Nabalayo alikuwa amemchora kama mzee anayetembea kwa raha. Mle bandani alitokea na kofia yake na masharubu yake, akauvuka ua kwa hatua ndogo za haraka, kiuno kimeinama mbele, mkono mmoja umepelekwa nyuma kumshikilia mtoto ambaye hakuwapo.

Wageni walicheka kidogo, kisha wakaacha. Kiptanui alimtazama Nabalayo ajue kama anataka mashine isimamishwe, naye akatikisa kichwa kukataa. Alisogea mpaka benchi la mbele, akakaa, akatazama mgongo wa Njoki uko vipi, na kama ule mkono wa nyuma umechoka. Ulikuwa umechoka. Kuku walikula. Mtaalamu alieleza kwamba banda safi huzuia magonjwa, na Mzee Ndiyo, akimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akaitikia kwa kichwa.